Mtoto wa Jicho

Nina elfu nne, nimezikunja mara mbili
mfukoni mwa shati, zanuka mafuta ya kompresa.
Ni za friji la bucha wa Mwembe Tayari
lililogoma kugandisha siku tatu kabla ya Idi.

Mamake aliuliza: Simu si ipo?
Ipo. Lakini simu ina dunia nzima tumboni,
humwita mtu aingie, na akiingia hatoki.
Namtakia Nasriya kitu kijinga kidogo,
chenye kazi moja tu:
kutazama nje.

Tukaanza Barabara ya Digo, kwenye vioo safi.
Pale kamera zina bei za mahari.
Muuzaji akatutajia megapikseli
kama mtu anayetaja ukoo wake,
nami nikaitikia, ehe, ehe,
moyoni nahesabu kodi ya nyumba.

Duka la pili: kamera ya waridi yenye masikio ya sungura.
Elfu mbili na mia tano, na sungura huimba.
Nikampiga Nasriya picha, nikaitazama:
uso wa mwanangu umechemshwa
ukamiminwa bila kuchujwa.
"Hii ni ya watoto," akasema, ana miaka tisa,
akairudisha taratibu, kama anayerudisha posa.

Kwa Kassamali, nyuma ya Marikiti, ngazi tatu chini,
zilizotumika zimelazwa juu ya shuka
kama wagonjwa wa wadi moja, kila mmoja na lake:
huyu kioo kimepasuka, huyu hana chaja,
huyu hufumba asifumbue mpaka apigwe kofi.

Nyeusi moja ikanikaa mkononi. Chuma.
Elfu tano, akasema. Nikasema tatu.
Akacheka, akaapa, akamtaja marehemu babake.
Nasriya akaipeleka mlangoni, kwenye mwanga,
akafumba jicho moja, akachungulia lenzi.

"Baba, hii ina mtoto wa jicho.
Kama Bibi."

Kweli. Ukungu mweupe, ndani kabisa,
chumvi na unyevu wa mji huu vimeweka makao.
Kassamali akashuka mwenyewe hadi elfu mbili.
Ningeichukua. Wallahi ningeichukua;
mtu wa mafriji haogopi ubovu.
Lakini nikamwona mtoto anaifuta kwa ncha ya mtandio,
anaifuta, anaitazama, anaifuta tena,
vile amfutavyo Bibi machozi yasiyo ya kilio.
Nikasema, hapana.
Mmoja nyumbani atosha.

Tulitoka na ya kijivu, plastiki, kadiri ya kipande cha sabuni.
Mlango wa betri haufungi; Kassamali akavua mpira
kwenye bunda lake la noti, akaufunga nao.
Elfu tatu na mia mbili, kadi ndani yake.
Mia nane zilizobaki zililiwa na betri zile za ghali,
maana za rahisi hufa kati ya adhuhuri na alasiri.

Nyumbani Bibi akaipapasa.
"Hino ndiyo nini?"
Nasriya hakujibu. Alibonyeza, akakuza, akakuza,
mpaka kidole kimoja cha Bibi kikajaa kioo kizima.
Bibi akakileta kioo mpaka puani.
Akanyamaza kitambo.
"Kumbe hina yangu bado imekolea," akasema,
akataka aonyeshwe na cha pili.

Usiku, wamelala, nikaifungua.
Picha arubaini na moja.
Uvungu wa meza. Paka, mkia tu. Bomba la mfereji.
Kidevu cha mamake, kutoka chini, kikubwa kama kilima.
Na mimi, sina kichwa, sina miguu:
shati, kifungo kilicholegea,
na mfuko mtupu
ambao bado una mkunjo wa zile noti.