Mtu Mzima

Nilipokuwa na miaka sita pale Webuye
nilijua mtu mzima ni yule asiyepungukiwa kitu:
hana jino lililong'oka, hana kovu, hana kilichokatika.
Ndiyo maana sisi watoto tulilipa nusu nauli.
Tulikuwa nusu, jamani. Hesabu ilikuwa wazi.

Tatizo lilikuwa babu Mukhwana,
ambaye kinu cha miwa kilimla vidole viwili.
Nikamuuliza mbele ya wageni wa mahari,
"Babu, wewe utakuwa mtu mzima lini?"
Alicheka mpaka ugoro ukampalia.
Mama hakucheka.
Mama alinifinya chini ya meza
ule mfinyo wa kimyakimya usemao
tutaonana jikoni.

Baba alifanya kazi kiwanda cha karatasi.
Harufu ya kiwanda, yai viza tupu,
ilimtangulia kufika nyumbani na kukalia kiti chake.
Noti ni karatasi, nilishazichunguza,
kwa hivyo baba alitengeneza pesa,
kwa hivyo aliposema "sina" ulikuwa uchoyo tu.
"Subirini mwisho wa mwezi," alituambia,
nami usiku nikatoka nje kuutazama mwezi,
nikitafuta unapoishia.
Nikamwonea huruma: kupanda kote kule na gambuti,
halafu arudi na mshahara uliokatwa!
Nani aliyeukata?
Nilishuku mkasi wa mama.
Nikauzika ndani ya gunia la mahindi
nikangoja tutajirike.

Kisha kulikuwa na Deni.
Sikuwahi kumwona, lakini baba alilalamika,
"Deni limenikaba shingo."
Limenikaba, si amenikaba.
Hapo nikaelewa: si mtu, ni jitu.
Darasani kwetu tulikuwa na Deni mmoja,
mtoto wa mwalimu Sitati,
mwembamba kama njiti ya kiberiti.
Pengine alikuwa mpwa wa lile jitu, nani ajuaye?
Wakati wa mapumziko nilimtia ngumi moja ya pua.
"Mwambie amwachie baba yangu shingo," nikasema.
Nilichapwa na mwalimu, nikachapwa na mama,
na baba, alipoelezwa kisa chote,
akatoka nje ghafla, mabega yakimtikisika.
Nikadhani analia.

Dada yangu Nabalayo alikuwa na yake.
Yeye aliapa kwamba nyuma ya kitambulisho
serikali huandika majibu:
jinsi ya kuoa, jinsi ya kuacha woga wa giza,
kwa nini watu wakubwa hununua sofa
kisha wanalifunika vitambaa lisikaliwe.
Nilipopata changu nilikigeuza hapohapo, ofisini kwa chifu.
Tarafa. Lokesheni. Alama ya kidole changu,
kama ya mtu aliyejaribu kusukuma mlango
akapata umefungwa.

Juzi nilikwenda kumwona mama.
Ana miaka sabini na mbili, mimi arobaini na minne,
na stima ilikuwa imepotea.
Saa kumi usiku kitu kikakwaruza darini.
Kikanyamaza. Kikakwaruza tena.
Tukakaa gizani, kila mtu kitandani mwake,
tukimsubiri mtu mzima aamke akaangalie.
"Wewe," mama akanong'ona upande wa pili wa ukuta.
"Wewe ndiye mkubwa," nikajibu.
"Mimi ni mgonjwa wa presha."
"Na mimi ni mgeni."
Mwishowe tukaenda pamoja,
mimi na tochi ya simu, yeye na mwiko wa ugali.

Alikuwa paka wa kina Lusweti.
Alitutazama kwa dharau, akaruka juu ya ua akaenda zake.
Tukabaki uani, mama na mwiko wake.
Juu ya vilima vya Chetambe
mwezi ulikuwa umebaki kijiukucha.
"Unaona?" nikamwambia. "Unaishia pale."
"Acha uishie," akasema mama,
akidhani ninazungumzia mkia wa paka.