Fomu ya Kuondoka

Leo umekuja stoo bila filimbi shingoni.
Umeshika fomu: maktaba wamegonga muhuri,
mhasibu amegonga, jikoni pia.
Nimebaki mimi tu, Kocha Ingutia.

Tuhesabu basi.
Glavu kumi na nne, mbili zimeshonwa kwa uzi wa gunia.
Helmeti sita.
Magongo matatu ya yule fundi wa Lubao
aliyedhani umeagiza michi.

Vikombe vitano havimo kwenye orodha yangu.
Viko kwa mkuu wa chuo, nyuma ya kioo,
yeye aliyetunyima hata chokaa,
tukachora mistari ya besiboli
kwa jivu la jikoni.

Huko uendako, nasikia, nyasi zinanyweshwa usiku,
na mtu analipwa kwa kurusha mpira tu.
Vijana wamenuna. Khasiala hajagusa ugali tangu Jumanne.
Mimi sinuni.
Ila mvua ya saa tisa ndiyo hiyo inashuka kutoka msituni,
na sijui nani atakimbia na turubai
kufunika kichuguu cha mrushaji.

Mipira: daftari linasema thelathini na miwili.
Mezani ni thelathini na mmoja.
Nahesabu tena, polepole,
huku mfuko wa koti lako umetuna upande mmoja
kama shavu la mtoto aliyeficha andazi.

Naandika: mmoja, ulipotelea vichakani,
mwaka ule wa fainali.
Natia sahihi.
Kalamu inagoma. Naipulizia pumzi,
inakubali.