Mbili, Kisha Moja

Kwanza lilianza kunywa.
Njoro na kurudi, petroli ya mia sita
ikawa ya elfu moja na ushee,
na sare za shule nilizoshona usiku
zikawafikia watoto zikinuka kibatari.

Mafundi watatu walifungua mkoba wangu
kabla hawajafungua boneti.
Wa Shabab alisema plagi. Nikanunua plagi.
Wa Free Area alisema pampu. Nikanunua pampu,
ya mtumba, inayolia kama mbwa aliyefungiwa nje.
Wa tatu alilizunguka mara moja, akaguna:
Uza.

Ndipo nikafika kwa Sitati, nyuma ya maghala ya ngano,
mtu wa Kimilili aliyekuja Nakuru kwa wiki mbili
akakaa miaka ishirini na saba.
Hakugusa spana.
Alichukua kipande cha waya, kifupi kama pini yangu ya nywele,
akaunganisha matundu mawili kwenye kisanduku kando ya injini,
akafungua swichi bila kupiga stata,
akaniambia: Hesabu.

Taa ya manjano ikakonyeza mara mbili.
Ikapumzika.
Ikakonyeza mara moja.
Mbili, kisha moja.
Mbili, kisha moja.
Miezi mitano nilikuwa nimeibandika plasta
isinisumbue macho usiku.

“Ishirini na moja,” akasema. “Pua imekufa.”

Kuna kijiti cha chuma, urefu wa kidole,
kimechomekwa kwenye bomba la moshi, kazi yake kunusa.
Hewa ikizidi, huambia ubongo: ongeza.
Petroli ikizidi: punguza.
Siku nzima ni hivyo, kama mpishi na mchuzi,
maji kidogo, chumvi kidogo, maji tena.

Injini ikapata moto. Mita ikasoma nukta moja.
Akaziba mdomo wa filta kwa tambara,
gari likakohoa, moshi mweusi ukapanda mabati.
Nukta moja.
“Unaona? Imezama kisimani, bado inalia kiu.”
Kisha akaita, “Jeruto, njoo unuse.”
Msichana akainama nyuma. “Mbichi, fundi. Petroli mbichi.”

Mbona hakunusa mwenyewe?
Alifuta mikono, kidole baada ya kidole.
“Ile homa, mwaka wa barakoa.
Ilichukua pua ikaenda nayo.”

Nati ilikuwa imeoana na kutu miaka thelathini.
Walimimina mafuta, tukanywa chai, wakamimina tena,
spana ya ishirini na mbili, bomba la kuongezea mkono,
Jeruto akaning'inia kwa uzito wake wote
mpaka chuma kikatoa mlio wa mlango wa kanisa.
Kikatoka: kichwa cheusi,
njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka.

Nikauliza kama ipo ya mtumba.
“Pua hainunuliwi mtumba, mama.”
Nikalipa, nikihesabu sketi kumi na moja kichwani.

Akachomoa fyuzi, tukasubiri dakika nzima
ili ubongo usahau uongo uliouzoea.
Akarudisha. Akawasha.
Nukta mbili. Nukta nane. Nukta tatu. Nukta saba.

Akachuchumaa nyuma, kiganja ndani ya moshi.
“Unyevu tu,” akasema. Kisha, bila kuniangalia:
“Unanukaje?”

Nilitaka kusema haunuki. Nikainama.
“Kama pasi,” nikasema. “Pasi ya moto
juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji.”
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyeelekezwa nyumba aliyowahi kuishi.

Upepo ukageuka ukatoka ziwani.
Jeruto akabana pua.
Sitati alikuwa akitutazama nyuso.
“Magadi?”
“Magadi.”
“Na mvua?”
“Bado,” nikasema. “Labda upande wa Menengai.”

Mita iliachwa juu ya betri, hakuna aliyeizima.
Nukta mbili. Nukta nane.