Pini Ishirini na Moja

Duka langu liko Saint-Étienne, mtaa wa nyuma,
kati ya fundi viatu na benki iliyofungwa.
Nauza kebo. Subira natoa bure.

Bi Huguette Peyrard aliingia na mfuko wa mkate,
ndani hamna mkate:
kebo nene, kichwa kipana kama sega,
pini ishirini na moja, mbili zimepinda.
"Televisheni mpya haina tundu lake,"
alisema, kama mtu aliyekuja kushtaki.

Nikamweleza: viwango hubadilika.
Zamani sheria iliilazimu kila televisheni
kuwa na mdomo huu mpana.
Siku hizi midomo ni myembamba,
picha husafiri kwa tarakimu,
na mashine ya kanda haijui lugha hiyo.
"Inahitaji mkalimani," nikasema,
nikimwonyesha kisanduku.

"Najua. Nimeshaambiwa."

Na aliyemwambia ni kijana wa simu,
yule wa paneli za jua na dari zisizovuja joto,
aliyepiga saa saba u nusu, supu ya dengu mezani,
saa ambayo wamekatazwa.
Jina lake bibi limo kwenye orodha ya wasiotaka kupigiwa,
na fomu ya malalamiko hukaa chini ya simu,
kalamu imefungwa uzi.
Tarehe. Saa. Namba.
Alikuwa ameshajaza zote tatu
alipouliza, kwa hasira tu:
"Wewe unayejua dari yangu inavuja,
unajua pini ishirini na moja zinaingia wapi?"

Kijana akaacha kusoma karatasi yake.
Nyanya yake naye alikuwa na mashine kama hiyo.

"Na fomu?"
"Nimeipeleka posta. Sheria ni sheria.
Ila penye jina la mpigaji nimeacha wazi."

Jumamosi nikaenda kumfungia.
Dume kwa jike, kisanduku katikati, taa ya buluu.
Chenga, mistari, kisha Armand,
marehemu, kofia ya karatasi kichwani,
ameinua kisu juu ya keki, anataka kusema neno,

simu ikalia.

Bi Huguette akageukia yake. Imenyamaza.
Ilikuwa ikilia ndani ya kanda.
Armand akaweka kisu, akatoka kwenye picha,
tukabaki na kiti,
na mshumaa unaodondosha nta.

"Alikuwa nani huyo?" nikauliza.

"Sikumbuki," akasema, macho kwenye kiti.
"Mtu wa kuuza kitu."