Mfuko wa Kushoto

Mlima una siku nne haujatoka.
Kutoka mlangoni kwa fundi Mbazi, Dabo Rodi,
naona wingu tu. Umejifunika
kama mgonjwa aliyevuta shuka mpaka utosini,
na hapa Moshi hakuna anayeuambia: umeshindwa,
rudia Oktoba.

Mimi nimerudia Oktoba.
Nimerudia na Machi.
Mara tatu nimelifungua jina langu kwenye simu
kwa kidole kimoja, kama anayebandua bandeji
iliyogandia,
na mara tatu kidonda ni kilekile.

Mara ya kwanza nililia.
Mara ya pili alilia mama.
Mara ya tatu nilikwenda kuchota maji,
nikasimama bombani, ndoo imejaa, inamwagika,
nami nahesabu:
lita moja, saa nane, matone ishirini kwa mililita,
arobaini na mawili kwa dakika.
Arobaini na mawili! Nayajua hata usingizini.
Ila nikiketi kwenye kile chumba,
saa ya ukutani ikaanza kutembea
kwa viatu vya msimamizi,
arobaini na mbili inageuka namba ya nyumba
ambayo sijawahi kufika.

Baba, kule Kibosho, hakuuliza kitu.
Alituma ada kwa simu, na chini yake ujumbe:
*Pokea. Yule ng'ombe alikuwa mkorofi.*
Namfahamu yule ng'ombe.
Hakuwa mkorofi.

Sasa nashona.
Fundi ana tenda ya sare za manesi,
na mimi Ndeshimuni, mwenye cheti cha chuo bila leseni,
ndiye ninayewapima waliopita.
Jana kaja Namnyaki.
Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini.
Milango minne ya moyo nilimfundisha mimi,
kwa kuichora na kijiko kwenye uji uliopoa.
Nikamzungushia futi kifuani.
"Vuta pumzi," nikamwambia. "Toa."
Tukacheka,
kisha tukaacha kucheka kwa pamoja.
"Na wewe, lini?"
Nilikuwa na pini mdomoni.
Namshukuru Mungu kwa pini.

Nikampima bega, kiuno, urefu wa mkono.
Nikaandika. Mkono haukutetemeka.
Wenyewe husubiri karatasi yenye namba ya mtahiniwa.

Shangazi anasema kuna kozi nzuri ya keki.
Mama mwenye nyumba anasema labda si riziki.
Wengine: mvumilivu hula mbivu.
Sisi watu wa migombani, jamani,
mbivu tumekula mpaka zimetukinai.
Mimi niliomba leseni.

Usiku nilibaki na gauni la Namnyaki.
Mchoro unasema: mfuko wa kushoto, inchi nne.
Nani alichora?
Huyo hajawahi kuinama saa tisa usiku
kumgeuza mzee aliyepooza,
akasikia mkasi ukichomoka, ukaserereka
mpaka chini ya kitanda cha tatu,
na mikono yake yote miwili
imeshika mgongo wa mtu.
Nikaufumua.
Nikautia inchi sita na nusu.
Kona za mfuko hurudiwa mara tatu;
fundi alinifunza siku ya kwanza,
wala hakuishusha sauti alipokuwa akisema.

Jumatatu nitaomba ruhusa.
Atanuna. Atasema gauni kumi na moja bado,
na wenyewe wanataka Ijumaa.
Nitamwambia nimeshalipia,
ng'ombe hawezi kurudi bandani.

Nimefagia nyuzi, nimezima taa, nimefunga.
Bomba la nje linavuja.
Nimelipita bila kuhesabu.
Hatua tano, sita.
Nikarudi.