Njema, Ila

Saa saba usiku simu ilitetemeka juu ya stuli,
ikajizungusha kama mende aliyepinduliwa.
Shemeji Ambakisye wa Tunduma
alikuwa ametuma sauti ya mtu asiyejitaja:
mlima Rungwe utapasuka kabla ya alfajiri,
wenye watoto wakimbie,
sambaza kwa watu kumi, usiikalie.

Sikuikalia.
Nilimwamsha mama, nikamfunga blanketi mbili,
nikabeba hati ya shamba na nusu mkate,
tukasimama uani, Isongole, kwenye baridi ya Juni
ile inayoingia hadi chini ya kucha,
tukiutazama mlima.
Mlima haukututazama.
Ulikuwa umejifunika ukungu hadi shingoni,
na bandani ng'ombe wetu, Sikitu, anacheua
taratibu, kama mtu anayehesabu chenji.

"Tunamsubiri nani?" mama akauliza.
Nikaona haya kumwambia.

Kesho yake ilikuwa sumu kwenye chumvi.
Keshokutwa, gari jeupe linaloiba watoto.
Jumapili, mwisho wa dunia, na tarehe yake.

Nikawa namimina chai nje ya kikombe.
Nikawa nakamua na dunia nzima kifuani,
na Sikitu, ambaye hajui kusoma,
akabana maziwa siku tatu.
Kituoni Gwantwa akachungulia ndoo:
"Lita nne tu? Kwenu kuna msiba?"
Hakuna, nikasema.
Neno likatoka, nikalisikia kwa masikio yangu.
Hakuna.

Zamani mama aliteleza bondeni na debe la viazi,
akavunjika mguu.
Waliomkuta wakamsalimu kwanza, kama ilivyo ada:
habari za leo, mama?
Akajibu akiwa palepale chini, viazi vikibingirika:
njema, ila mguu.

Nimemcheka kwa jibu hilo miaka na miaka.
Siku ile, njiani na ndoo tupu, sikucheka.
Njema ilikuwa imetangulia.
Mguu ukafuata nyuma, nao ulikuwa mguu,
mmoja, wa kushoto,
haukuwa dunia.

Sasa simu inalala ndani ya debe la maharage
hadi maziwa yapimwe.
Ikitetemeka, maharage yanacheka.
Ambakisye ananung'unika kwamba sipatikani.
Napatikana. Ukiiacha lami, kata kushoto
penye mlingoti uliopigwa radi,
uliza nyumba ya mwenye ng'ombe mweusi.

Jumanne mvua ilipiga bati hadi tukaongea kwa ishara,
na katikati ya kelele ile mlango ukagongwa.
Tusekile, kanga kichwani, tope hadi magotini:
mwanawe anachemka, macho yamepinduka.
Hakusema sambaza.
Hakutaja watu kumi.
Alitaja jina langu.
Nikavaa mabuti, tukateremka hadi zahanati
tukipokezana mgongo,
mtoto akiwa wa moto kama kiazi cha majivuni.
Habari ile iliacha nyayo sakafuni kwangu.
Asubuhi nikazipiga deki,
mtoto amelala, amekunywa uji.

Sijawa mtakatifu.
Jana usiku nilinyanyua kifuniko cha debe:
ujumbe arobaini na mmoja.
Nikasoma miwili, moyo ukaanza kupanda kilima,
nikaufukia wa tatu kabla haujanifikia.
Mama, kutoka chumbani: "Kuna nini huko?"
"Maharage," nikajibu.
"Basi yaache yalale."

Leo kituoni lita saba na nusu.
Gwantwa anaandika, kalamu imegoma, anaipulizia pumzi,
halafu bila kuinua kichwa:
habari za nyumbani?

Njema, nikasema,
nikabaki nimesimama na ndoo
nikiitafuta ila.