Ajenda ya Pili

Mgongano ni neno la barabarani.
Magari yakigongana pale Kondele
watu huacha sufuria motoni wakakimbia kutazama.
Maslahi yakigongana
hutasikia kitu. Labda kijiko, ndani ya kikombe.

Mimi ndiye karani wa kumbukumbu.
Hoteli ya Milimani, ghorofa ya tatu, ziwa dirishani
limetandwa na gugumaji kama zulia lisilofagiwa.
Ajenda ya kwanza: sala.
Ajenda ya pili: wajumbe watangaze maslahi yao.
Profesa Nyangweso akavua miwani.
"Sina," akasema, kwa upole, kama mtu anayekataa sukari.
Daktari Masitsa: sina.
Daktari Kemunto aliitazama karatasi muda mrefu kidogo,
kisha naye: sina.

Nami nikaandika: Hakuna.

Lakini kile kisima cha profesa kule Kano
nani alikichimba? Bamba la kampuni bado liko kwenye tangi,
mbuzi wamelilamba hadi herufi tatu zimefutika.
Na ile mashine ya Masitsa yenye taa ya kijani
ililetwa na lori lenye jina lile lile
lililo kwenye chupa tulizookota mferejini, Ahero,
hatua chache kutoka kwa Apondi
anayepalilia mpunga miguu mitupu,
anayesema ngozi ya vidole vyake inabambuka
kama ganda la kitunguu.

Maneno ya Apondi yamo kwenye kiambatisho.
"Masimulizi tu," walisema.
Dawa ikapita: salama, ikitumiwa kama ilivyoelekezwa.
Maelekezo yamo kwenye kibandiko, kwa herufi za sisimizi.

Chai ikaja. Profesa akacheka:
mkono mtupu haulambwi.
Si mtu mbaya. Amenifundisha;
aliwahi kusimamisha somo asubuhi nzima
kwa ajili ya nukta moja ya desimali.

Jioni nikapewa bahasha, posho ya kikao.
Sikuuliza imetoka mfuko gani.
Nyumbani kuna karo ya muhula.

Usiku huu nimeipitia taarifa mara tatu.
Tahajia sawa. Tarehe sawa.
Na chini ya ajenda ya pili, neno langu,
Hakuna,
nililoandika kwa kalamu ya bure
iliyowekwa mezani mbele ya kila kiti,
ya buluu, laini, isiyokwaruza.
Jina lililochapwa ubavuni mwake
limeanza kuhamia kidoleni.